Maswali na majibu: mitambo ya upepo baharini na viumbe vyake

Mitambo ya Ulaya inaua ndege wengi?

Wapo wanaogongwa, hasa wanaoruka kimo cha mapanga (mabawa ya mtambo yanayozunguka), kama shakwe wakubwa. Mzoga ukianguka baharini hauokotwi, kwa hiyo watafiti hutegemea rada, kamera na mahesabu. Ila kuna ndege anayepata hasara bila kuguswa: anaikimbia mitambo na kupoteza malisho.

Wataalamu wanajuaje nani yuko hatarini kabla ya ujenzi?

Mwaka 2004 watafiti Garthe na Hüppop walizipima aina 26 za ndege wa Bahari ya Kaskazini, upande wa Ujerumani, kwa vigezo 9. Anaruka kimo gani? Anaruka usiku? Meli humshtua? Anaweza kubadili malisho? Wako wangapi duniani? Kila kigezo kilipewa alama 1 hadi 5. Walioongoza kwa hatari ni ndege wazamiaji wa aina mbili, mwenye koo jeusi na mwenye koo jekundu. Koo jekundu huruka chini, mara nyingi chini ya mapanga. Kinachomponza ni woga wake. Mitambo ilipojengwa, tafiti zilikuta amepungua hata umbali wa zaidi ya kilomita 10.

Kitiweki, shakwe mdogo, alikuwa mkiani mwa orodha ile, miongoni mwa wenye hatari ndogo. Leo Uingereza inahofia mapanga yatamgonga, hata mradi wa mitambo wa Hornsea Three umemjengea mahali pa kutagia, kama fidia, karibu na pwani ya Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Kwangu mimi hilo latosha kudai orodha zipitiwe upya mara kwa mara, na hatari ya kugongwa ipimwe mbali na ya kufukuzwa.

Ni kweli mitambo inaua nyangumi Marekani?

NOAA, shirika la serikali ya Marekani la bahari na hali ya hewa, linasema hakuna ushahidi huo. Adui wakubwa wa nyangumi wa Atlantiki ya Kaskazini ni kugongwa na meli na kunaswa na kamba za uvuvi. Hata hivyo, kelele za kugongomelea nguzo za mitambo chini ya bahari ni tatizo la kweli. Ujerumani imeweka kikomo cha desibeli 160 kwa umbali wa mita 750. Wajenzi hulaza bomba lenye matundu sakafuni mwa bahari kuizunguka nguzo, wakasukuma hewa. Pazia la mapovu hupanda na kupunguza mshindo.

Ndege wako maelfu, wachache wakifa kuna shida gani?

Inategemea uzazi. Ganeti, ndege mkubwa wa baharini, hutaga yai moja kwa mwaka, na huanza akiwa na takriban miaka 5. Akifa mkubwa mmoja, pengo lake huchukua miaka kuzibwa.