Mrundiko wa Kesi katika Mahakama za Hakimu: Maswali Yenu na Majibu

Tangu niandike kuhusu juhudi za kupunguza mrundiko wa kesi katika mahakama za hakimu, ambako Wakenya wengi hukutana na sheria kwa mara ya kwanza, maswali yamekuwa yakinifikia kutoka Nakuru, Kisumu na kaunti za magharibi. Nimechagua sita, nikayafupisha na kuondoa majina ya waandishi. Kwa wasiojua, nilikuwa karani wa masijala ya mahakama, yaani ofisi inayopokea na kutunza faili za kesi, kwa miaka kumi na minne kabla ya kustaafu, kwa hiyo ninajibu kwa kufuata sheria na kwa yale niliyoyaona kwa macho yangu.

Kijana wangu alishtakiwa kwa wizi miaka minne iliyopita. Mashahidi watatu wameshatoa ushahidi, kisha hakimu akahamishwa. Sasa tunaambiwa kesi huenda ikaanza upya. Kweli kesi zinapunguzwa namna hii? (Mzazi, Molo)

Pole sana, mzazi mwenzangu. Sheria haisemi kwamba hakimu akihamishwa kesi lazima irudi mwanzo. Kifungu cha 200 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kinamruhusu hakimu mpya kuendelea pale mwenzake alipoachia, akitumia ushahidi uliokwisha kuandikwa, au kuwaita mashahidi tena na kuianza kesi upya. Kifungu hichohicho kinamlazimu amweleze mshtakiwa kwamba ana haki ya kudai shahidi yeyote aitwe tena asikilizwe. Basi kijana wako ataulizwa, na ni vyema ajue mapema atakalojibu. Akitaka kesi iendelee kutoka ilipofika, aseme hivyo waziwazi, na jibu lake liandikwe kwenye kumbukumbu za mahakama. Kama kuna shahidi ambaye maneno yake ndiyo yanayombana, na ambaye angependa hakimu mpya amwone kwa macho yake, anaweza kuomba huyo mmoja tu aitwe, bila kuwarudisha wote watatu.

Hata hivyo, uhamisho si chanzo kikuu cha kuchelewa. Nakumbuka faili moja ya wizi wa ng'ombe wawili, jalada lake limelegea na kufungwa kwa uzi. Nilipoifungua kutafuta ushahidi nilikuta kurasa tatu tu za maneno ya mashahidi. Kurasa nyingine zote zilikuwa na mstari mmoja mmoja: shahidi hayupo, faili ya polisi haijaletwa, wakili ana kesi Mahakama Kuu, hakimu yuko likizo. Tarehe zilikuwa kumi na moja. Mlalamishi, mzee aliyeteremka kutoka kijijini kwa matatu ya alfajiri, alifika mara tisa mfululizo, akakaa kwenye benchi la ukumbini hadi saa sita, akaambiwa arudi siku nyingine. Mara ya kumi hakuja, na siku hiyo ndiyo mashahidi wengine wote walikuwapo.

Ibara ya 50 ya Katiba ya 2010 inampa mshtakiwa haki ya kesi yake kuanza na kukamilika bila kucheleweshwa pasipo sababu ya kuridhisha. Mwaka 2016 mahakama zilipewa mwongozo wa kusimamia kesi za jinai kwa ukaribu, unaozitaka pande zote zikutane kabla ya kesi kusikilizwa, zikubaliane kuhusu mashahidi watakaohitajika, na upande wa mashtaka ukabidhi nakala za ushahidi wake mapema. Pale unapofuatwa, kazi inakwenda. Pale usipofuatwa, kuongeza mahakimu ni kuongeza tu idadi ya watu wa kuahirisha kesi.

Nauza mitumba Kibuye. Mteja alichukua mabelo ya Sh84,000 kwa mkopo na sasa hashiki simu. Nimeogopa kwenda mahakamani kwa sababu ya gharama ya wakili na miaka ya kungoja. (Mfanyabiashara, Kisumu)

Usiogope tena, dada yangu. Kesi yako ndiyo iliyotungiwa Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ilipitishwa mwaka 2016, mahakama ya kwanza ikafunguliwa Milimani, Nairobi, mwaka 2021, na sasa huduma hiyo ipo Kisumu na Nakuru pia. Inasikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000: deni la bidhaa au huduma, fedha zilizopokewa na kushikiliwa, mali iliyoharibiwa, na fidia ya majeraha. Haigusi umiliki wa ardhi, kuchafuliwa jina, wala mizozo ya kazi.

Ninaisifu mahakama hii kwa sababu muda wake umeandikwa ndani ya sheria yenyewe na haukuachiwa hisani ya mtu. Dai linatakiwa kusikilizwa na kuamuliwa ndani ya siku 60 tangu lilipowasilishwa, likisikilizwa siku baada ya siku hadi liishe, na hukumu itolewe si zaidi ya siku tatu baada ya kumaliza kusikilizwa. Kuahirisha kunaruhusiwa tu kwa dharura isiyotarajiwa, tena si zaidi ya mara tatu, na sababu lazima iandikwe. Laiti ile faili ya ng'ombe ingekuwa na sheria kama hii juu yake!

Wakili si lazima. Unaweza kusimama mwenyewe na kujieleza kwa Kiswahili. Kanuni kali za ushahidi hazitumiki hapo, kwa hiyo beba ulichonacho: daftari la mkopo lenye sahihi yake au nambari yake, jumbe za simu ambamo alikiri deni au alilipa sehemu, na jina la jirani wa kibanda aliyeona mabelo yakipakiwa. Chapisha zile jumbe kabla simu haijaharibika. Hakikisha pia unajua mdaiwa anapatikana wapi, kwa maana mahakama haiwezi kutoa hukumu dhidi ya mtu asiyefikishiwa hati za madai.

Nikueleze na upande wa pili. Kupata hukumu hakumaanishi kwamba fedha zimefika mkononi. Asipolipa, itakubidi kuomba utekelezaji wa hukumu, yaani mahakama imlazimishe kulipa, nao una gharama na muda wake; ndiyo maana wengi hukubali kulipwa kwa awamu mbele ya mahakama, na makubaliano hayo yakaandikwa. Asiyeridhika anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu, lakini kwa hoja za kisheria pekee.

Nimepata ilani kutoka mahakamani Kakamega ikinitaka nieleze kwa nini kesi yangu ya madai isifutwe. Nilidhani ni wao waliokuwa wakinichelewesha! (Mwalimu mstaafu)

Mwalimu, usiiweke ilani hiyo kabatini hata siku moja. Kanuni za Utaratibu wa Kesi za Madai, Agizo la 17, zinairuhusu mahakama kuwaita wahusika wajieleze pale kesi inapokaa mwaka mzima bila upande wowote kuchukua hatua. Usipofika, au ukifika bila sababu, kesi inaweza kufutwa. Fika tarehe iliyotajwa, au wakili wako afike, mahakama ielezwe kilichotokea, na iombwe hapohapo tarehe ya kusikilizwa.

Hapa nina neno ambalo limenikaa moyoni muda mrefu. Jaji Mkuu David Maraga aliposhika ofisi alizitaka mahakama kuondoa kwanza kesi zilizopita miaka mitano, na mrithi wake, Martha Koome, ameendelea kusukuma suala hilo. Nia ni njema, na rafu zilihitaji kusafishwa, kwa sababu kesi nyingi zilikuwa zimetelekezwa na wenyewe. Lakini faili iliyofutwa kwa kukosa kushughulikiwa huhesabiwa kuwa imekamilika sawasawa na ile iliyosikilizwa hadi hukumu. Tukipima kazi ya mahakama kwa idadi ya faili zilizofungwa pekee, mjane ambaye wakili wake alifariki na hakujua la kufanya ataingia katika hesabu ya mafanikio. Ningependa taarifa za kila kituo cha mahakama zitenganishe wazi kesi zilizoamuliwa baada ya watu kusikilizwa na zile zilizofutwa.

Ndugu yangu amesogeza mpaka wa shamba la marehemu baba. Wazee wanataka kulimaliza nyumbani, wakili anasema twende kortini. (Vihiga)

Kama ardhi hiyo imesajiliwa na mgogoro ni wa mpaka tu, msikimbilie kortini. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inautaka mzozo wa mpaka uanzie kwa Msajili wa Ardhi, na kesi nyingi za namna hiyo hukaa mahakamani miaka kadhaa ndipo zirudishwe huko. Kama cheti cha umiliki wa ardhi bado kina jina la baba, suala ni la urithi, nalo linafunguliwa mahakamani, hata ya hakimu ikiwa thamani ya mali haizidi uwezo wake. Hakimu mkuu anaruhusiwa mali ya hadi Sh20,000,000.

Wazee msiwadharau. Ibara ya 159 ya Katiba inazitaka mahakama kuendeleza maridhiano, upatanishi na njia za jadi, mradi haki za msingi zisivunjwe. Mwaka 2020 Idara ya Mahakama ilizindua sera ya mifumo mbadala ya haki, yaani njia za kutatua mizozo nje ya mahakama. Hata kesi ikishafunguliwa, mahakama inaweza kuipeleka kwa mpatanishi anayepewa siku 60, na mwafaka ukipatikana huwa amri ya mahakama. Ninawatahadharisha juu ya jambo moja tu: baraza la wazee likiwanyima dada zenu fungu lao kwa kuwa wameolewa, uamuzi huo hautasimama, na mtajikuta kortini mkiwa mmechelewa zaidi.

Mdogo wangu yuko rumande Kisumu. Kiongozi wa mashtaka anasema akikiri kosa dogo kesi itaisha. Je, ni mtego? (Nyalenda)

Makubaliano ya kukiri kosa ni halali tangu mwaka 2008, isipokuwa kwa makosa ya kingono na machache mengine kama uhalifu dhidi ya binadamu. Mashtaka yanaweza kupunguzwa au mengine kuondolewa, na hakimu lazima ajiridhishe kwamba mshtakiwa anaelewa na hajalazimishwa.

Ninachokihofia ni mtu kukiri kosa ambalo hakulitenda kwa sababu amechoka rumande. Ombeni kwanza masharti ya dhamana yapitiwe upya ikiwa yamewashinda. Kama alitenda, azungumze na wakili, makubaliano yaandikwe, na mkumbushe mahakama kwamba sheria inataka muda aliokaa kizuizini uzingatiwe katika hukumu.

Tunaambiwa kesi ziko mtandaoni. Sisi wa vijijini bila simu kubwa tufanye nini, na tukicheleweshwa tumlalamikie nani? (Butula, Busia)

Mfumo wa kuwasilisha kesi kwa njia ya mtandao ulianza Nairobi mwaka 2020 na ukapelekwa nchi nzima Machi 2024. Umepunguza lile balaa la faili kupotea, na ninaushukuru kwa hilo. Bado masijala ina wajibu wa kukusaidia, kwa hiyo nenda dirishani, eleza kwamba huna kifaa, na usikubali kutumwa kwa mtu wa nje atakayekutoza.

Kuhusu malalamishi, anza na hakimu anayesimamia kituo. Ipo pia Kamati ya Watumiaji wa Mahakama, inayoketi na polisi, mawakili, magereza na raia. Hapo ndipo tatizo la mashahidi wasioletwa linaweza kutatuliwa. Zaidi ya hapo kuna ofisi ya Idara ya Mahakama inayopokea malalamishi ya umma, na Tume ya Huduma za Mahakama ikiwa ni mwenendo wa hakimu mwenyewe.

Andika kwa ufupi: nambari ya kesi, kila tarehe uliyofika, na sababu uliyopewa kila mara ya kuahirishwa. Usiweke matusi wala historia ndefu. Nilipokuwa masijala, barua ya namna hiyo ilikuwa ikiletwa mezani, na faili yake ilishushwa kutoka rafuni siku hiyohiyo.