Kukopi kodi ya rafiki

Swali: Anti, nasoma sayansi ya kompyuta mwaka wa pili, nilifeli somo moja sasa chuo kimeniweka kwenye uangalizi, rafiki kanipa kodi (code, yaani maagizo ya programu) ya asaimenti yake nibadilishe majina ya variabo tu, yale ya kuhifadhia data, si itapita?

Jibu: Haipiti mdogo wangu. Kuna programu kama MOSS, ipo tangu 1994, yenyewe haihangaiki na majina, inalinganisha muundo wa kodi, so ukibadilisha majina tu bado inaweza kukudaka, na aliyekupa naye anaweza kuitwa kwenye kamati ya nidhamu maana kugawa kodi vyuo vingi ni kosa vilevile. Somo ukifeli mara nyingi unarudia, ila udanganyifu ukiwa tayari kwenye uangalizi unaweza kufukuzwa kabisa. Kujadili wazo na mwenzako poa kama mwalimu karuhusu, kuandika andika mwenyewe. Halafu kamuone mshauri wako wa masomo wiki hii hii.