Hoteli ya katikati ya mji Mombasa: kabla hujalipa

Nikiwa na shughuli kisiwani silali Nyali wala Bamburi. Kule kuzuri, lakini foleni ya daraja la Nyali asubuhi itakumaliza kabla hata hujaanza kazi. Safari hii nikachukua chumba karibu na Digo Road, na kwa upande wa mahali sina neno. Ukishuka ngazi, soko la Marikiti hili hapa, leso za Biashara Street hizo hapo, na Fort Jesus unaenda kwa miguu kupitia Nkrumah Road. Jioni, namaanisha. Mchana wa Januari chukua tuktuk.

Huduma sasa ilitegemea nani yuko zamu. Kijana wa usiku alipanda nami hadi chumbani, akafungua bomba nikaona maji yanatoka, akawasha kiyoyozi na kusubiri mpaka kikaanza kutoa baridi. Asubuhi yake, dada aliyeshika zamu hakuinua macho kwenye simu. Nikaomba taulo. "Inakuja." Saa sita mchana bado inakuja. Staftahi nayo vivyo hivyo: leo mahamri ya moto na mbaazi za nazi, kesho mkate mkavu na mayai yaliyopoa, na mpishi haonekani.

Taulo niliipata kwa mama wa usafi. Nilimkuta kwenye korido, nikamwamkia shikamoo, nikamweleza shida yangu. Akacheka. "Mwanangu, hao wa chini hawana ufunguo wa stoo. Ninao mimi." Kumbe yule dada alikuwa anaahidi kitu kisicho mikononi mwake! Tangu hapo sigombani na mapokezi. Ukikosa shuka, sabuni au karatasi ya choo, mtafute anayesafisha vyumba, tena mapema, maana wengi wao hutoka alasiri na stoo hufungwa.

Jambo la kuulizia kwanza kabisa ni maji, hata kabla ya bei. Maji ya mji huu hutoka mbali, chemchemi za Mzima huko Tsavo na visima vya Baricho upande wa Malindi, na mgao si habari mpya kwa mtu wa Mombasa. Kwa hiyo usiulize kama maji yapo, utaambiwa yapo. Uliza tangi ni kubwa kiasi gani, na maji ya mji yakikatika wanaleta bauza, yaani lori la maji, au wanafungulia kisima. Maji ya kisima mara nyingi yana chumvi, sabuni haitoi povu, na nywele utazijua mwenyewe. Jenereta pia uliza: je, inabeba viyoyozi au taa tu? Miezi ya kaskazi jibu hilo ndilo litakalokupa usingizi.

Chumba omba cha nyuma. Cha mbele kina mandhari, ila honi za matatu huanza kabla hakujapambazuka vizuri.

Kwenye malipo, hata kama unakaa wiki, lipa usiku mmoja kwanza, kisha uongeze ukiridhika. Hakikisha risiti imeandika kama staftahi imo. Yangu iliandikwa, na siku ya kuondoka meneja alikata pesa ya ile asubuhi ya mkate mkavu bila ubishi. Lakini wakikubali kukupa chumba pekee kwa bei ya chini, chukua hicho. Umelipia kuwa katikati ya mji, kwa nini ule mayai baridi? Mahamri yako mtaani, na jioni panda tuktuk hadi Mama Ngina, kule kando ya bahari, ukale mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, pamoja na dafu, huku meli zikiingia bandarini.

Nitalala hapo tena, kwa sababu kupata hoteli nyingine mahali kama pale kwa bei ile si rahisi. Ila chumba nitakishika kwa simu, na nitapiga usiku.