Krediti za kaboni hazilipi ada ya mpakani Ulaya: jibu kwa msomaji wa Athi River

Swali: Mhandisi, habari za kazi. Mimi ni msimamizi wa zamu katika kiwanda kimoja hapa Athi River. Tunaagiza koili za chuma kutoka Asia, tunazipaka zinki na rangi, kisha tunazikata mabati. Soko letu ni Kenya, Uganda na Tanzania, lakini sasa tumepata mnunuzi Ulaya, naye ametutumia fomu ndefu ya kujaza kiasi cha hewa ukaa katika kila tani ya bati. Mkurugenzi anasema tununue krediti za kaboni za mikoko kule Pwani, tuambatishe cheti, mambo yaishe. Tena tuna paneli za sola juu ya paa, na kuna wakala anayesema tunaweza kuuza krediti zetu wenyewe. Je, ni kweli? Na kwa nini nchi zetu za Afrika Mashariki zisiwe na bei moja ya kaboni ili tusitozwe huko nje?

Jibu: Ndugu yangu, nimefurahi kwamba umeuliza kabla pesa hazijatoka. Cheti cha krediti, yaani cha kumlipa mtu apunguze hewa ukaa mahali pengine, hakitapunguza ada ya mpakani hata kwa senti moja, na nitakueleza ni kwa nini, maana si wewe peke yako uliyeambiwa hivyo. Nimesikia ushauri huohuo katika ofisi zaidi ya tatu kando ya barabara ya Mombasa.

Fomu hiyo imetokana na sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023 inayojulikana kwa kifupi kama CBAM, ambayo hutoza bidhaa zinazoingia Ulaya ada kwa hewa ukaa iliyotoka zilipotengenezwa. Kuanzia Oktoba 1, 2023 hadi mwisho wa 2025, waagizaji wa huko walitoa taarifa tu. Tangu Januari 1, 2026 hesabu imekuwa ya pesa. Inagusa saruji, chuma, aluminiamu, mbolea, haidrojeni na umeme. Viwanda vya Ulaya vyenyewe vinanyang'anywa vibali vya bure vya kutoa hewa ukaa kidogo kidogo hadi viishe mwaka 2034, na kadiri vinavyopungua ndivyo ada ya mpakani inavyopanda. Anayelipa ni mwagizaji, si nyinyi. Lakini atakapokaa kupatana bei na mkurugenzi wako, ada hiyo itakuwa mezani.

Kitu kimoja tu ndicho kinachokatwa kwenye ada: bei ya kaboni iliyolipwa kwa lazima mahali bidhaa ilikotengenezwa, iwe kodi au vibali vya kununua, na kuwe na ushahidi. Afrika Kusini ina kodi ya namna hiyo tangu Juni 2019. Kenya haina. Krediti ni ununuzi wa hiari. Unamlipa mtu mwingine apunguze au azuie hewa ukaa mahali pengine, na bati lako linabaki na hewa yake yote.

Sisemi haya kuwavunja moyo watu wa mikoko. Nimefika Gazi, Kwale, ambako wanakijiji wa Mikoko Pamoja wamekuwa wakilinda hekta 117 za mikoko na kuuza krediti tangu 2013, na mapato yamekwenda kwenye maji na shule. Mkurugenzi akitaka kuwaunga mkono, na afanye hivyo kwa moyo mweupe. Ila risiti yake isiwekwe kwenye fomu ya mnunuzi, maana mkaguzi ataiondoa, kisha ataanza kutilia shaka karatasi zilizobaki.

Sasa tuje kwenye fomu yenyewe, kwa sababu hapo ndipo pana kazi. Chukulia kwamba kwa mwezi mnatoa tani 500 za mabati na tanuri la zinki linachoma tani 20 za gesi. Kila kilo ya gesi ya LPG ikiungua hutoa takriban kilo 3 za hewa ukaa, kwa hiyo mmetoa tani 60. Gawanya kwa 500, unapata tani 0.12 kwa kila tani ya bati. Ni kidogo. Lakini koili mnazonunua zimetoka wapi? Chuma kinachoyeyushwa kutoka kwenye mawe yake kwa makaa hubeba tani 2 na zaidi za hewa ukaa kwa kila tani. Kile kinachoyeyushwa kutoka chuma chakavu kwa tanuri la umeme kwa kawaida huwa chini ya tani moja. Sheria inataka hewa ya malighafi iingie kwenye hesabu yako. Basi ukiwa na koili zenye tani 2 za hewa ukaa kwa kila tani ya chuma, na ukihesabu vipande vinavyopotea kwenye kukata, bati lako litafika tani 2.2 hivi, na karibu zote zimeingia getini kwenu juu ya trela. Hata mkibadilisha tanuri lote la zinki, namba hiyo itatikisika kidogo tu.

Kwa hiyo barua ya kwanza ya kuandika ni kwa muuzaji wa koili. Mwombe takwimu za kiwanda kilichoyeyusha chuma, si za kampuni ya usafirishaji wala za dalali. Uliza njia iliyotumika kuyeyusha, mwaka wa vipimo, na kama kuna bei ya kaboni iliyolipwa huko. Korea Kusini ina soko la vibali tangu 2015, na China tangu 2021, nayo ililipanua mwaka 2025 kufikia chuma. Sehemu iliyolipwa kweli, si ile iliyotolewa bure, inaweza kuhesabiwa. Asipokupa chochote, mnunuzi wako atalazimika kutumia viwango vilivyowekwa na Ulaya, ambavyo vimeongezewa kitu juu, na wewe utabeba uchafu wa kiwanda usichokijua.

Upande wa kiwanda chenu, nakuomba ukaangalie jinsi gesi inavyoandikwa. Mwaka jana nilikaa siku nne katika kiwanda kinachofanana na chenu. Karani alikuwa kijana makini, ana daftari la jalada jekundu, kila lori la gesi limeandikwa tarehe, uzito na namba ya risiti. Tulipojumlisha, mwezi wa Machi tanuri lilionekana halikuchoma chochote, na Aprili likachoma mara mbili. Zinki haikuwahi kupoa hata usiku mmoja. Kumbe daftari lilikuwa la manunuzi, wala hapakuwa na mtu aliyesoma kipimo cha tangi mwisho wa mwezi. Kipimo kilikuwepo, kimefunikwa vumbi jeupe, na tulipokifuta kwa kitambaa kikasomeka vizuri. Kuanzia wiki hii, mtu mmoja asome tangi siku ya mwisho ya mwezi, saa ileile, na aandike mahali pamoja. Dizeli ya forklifti haiingii kwenye hesabu hii, basi msihangaike nayo.

Pana jambo litakalokushangaza kama lilivyonishangaza mimi. Umeme wetu, ambao takriban tisa ya kumi unatokana na mvuke wa Olkaria, maji, upepo na jua, haukusaidii kwenye fomu hii. Kwa chuma na aluminiamu, ada inaangalia hewa inayotoka kiwandani moja kwa moja pamoja na ya malighafi. Umeme unahesabiwa kwa saruji na mbolea. Kwa hiyo jirani yako wa saruji ana faida ambayo wewe huna. Naona si haki kwa nchi iliyojenga umeme safi kwa mikopo mizito, na ni hoja ambayo wajumbe wetu wanapaswa kuirudia kila wanapokaa na Ulaya.

Kabla ya yote, muulize mnunuzi swali jepesi: kwa mwaka mzima anaingiza tani ngapi za chuma, aluminiamu, saruji na mbolea kwa jumla, kutoka kwa watu wote? Asipozidi tani 50, ameachiliwa. Kiwango hicho ni chake, si chenu. Makontena mawili ya futi 20 yaliyojaa chuma yanatosha kukifikia.

Kuhusu sola nitakuwa mfupi. Mfumo wa kilowati 300 juu ya paa unaweza kutoa yuniti 450,000 kwa mwaka. Hata tukikisia kwa ukarimu kwamba kila yuniti imezuia kilo 0.4, mna tani 180 tu, na kwa gridi safi kama yetu ukweli uko chini zaidi. Krediti ikiuzwa dola 5 au 10, mapato hayatalipa mkaguzi na usajili. Mkaguzi atauliza pia kama mngeweka paneli hizo bila pesa za kaboni. Mliziweka kwa sababu ya bili, na hilo halina aibu, lakini linaondoa msingi wa krediti. Tena si biashara ya kuuziana kienyeji. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi iliyofanyiwa marekebisho 2023, pamoja na kanuni za masoko ya kaboni za 2024, zinataka mradi upite NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, na kwa miradi iliyo kwenye ardhi ya umma au ya jamii, jamii ipewe mgao wa kila mwaka: angalau asilimia 40 kwa miradi ya ardhi, asilimia 25 kwa isiyo ya ardhi. Na ukishamuuzia mtu upungufu huo, huwezi tena kujisifu nao. Nchi nayo iko hivyohivyo: Kenya ikiidhinisha krediti ihamie nchi nyingine chini ya kifungu cha 6 cha Mkataba wa Paris, inaiondoa kwenye hesabu zake, ilhali iliahidi kupunguza asilimia 32 ifikapo 2030. Muulize wakala wako maswali haya, uone kama atarudi.

Swali lako la mwisho ndilo nililolilalia usiku. Bei moja ya kaboni Afrika Mashariki inavutia, kwa kuwa pesa ambazo sasa zinaishia Ulaya zingebaki hapa na kununua matanuri bora. Kenya ikianza peke yake itajiumiza: tuna umoja wa forodha tangu 2005 na soko la pamoja tangu 2010, basi klinka, yaani malighafi kuu ya saruji, na mabati yasiyotozwa yatavuka Namanga na Busia siku ya pili. Lazima twende pamoja. Ila nakuomba ufikirie pia anayenunua bati Kitui. Ulaya inachukua sehemu ndogo sana ya mabati yenu. Bei ikiwekwa kwa kila tani, mama anayeezeka vyumba viwili ndiye atakayelipa ili kontena mbili zipite Ulaya, na bara lake linatoa chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa ya dunia. Azimio la Nairobi la viongozi wa Afrika, la Septemba 2023 pale KICC, lilidai kodi ya kaboni ya dunia nzima, na mimi naliunga mkono kwa sababu linaanza na wenye moshi mwingi.

Kinachoweza kufanywa na nchi zetu bila kumwumiza mtu huyo ni kupima kwa pamoja. Tayari tunajua kufanya hivyo. Nenda duka lolote la vifaa Kitengela, utaona fundi anageuza mfuko wa saruji kutafuta 32.5 au 42.5, namba za nguvu ya saruji. Namba hizo ziko kwenye kiwango cha EAS 18, kinachotumika Afrika Mashariki nzima, na kiwango hicho kinaruhusu saruji yenye pozolana, yaani majivu ya volkano tuliyo nayo tele Bonde la Ufa. Klinka hupikwa kwa joto la nyuzi 1,450, na jiwe la chokaa peke yake huachia takriban kilo 525 za hewa ukaa kwa kila tani ya klinka, kabla hujahesabu makaa. Hata ungeligeuza tanuri litumie jua, jiwe lingeachia hewa ileile. Njia ya karibu ni kupunguza klinka kwenye mfuko. Wataalamu wa viwango walipokubaliana juu ya mfuko huo, walifanya kazi kubwa ya tabianchi bila hata kuitaja.

Ushirikiano wa kaboni wenyewe upo. Muungano wa Afrika Mashariki wa masoko ya kaboni na fedha za tabianchi ulianza 2019, ukiwa na Burundi, Ethiopia, Kenya, Rwanda, Sudan, Tanzania na Uganda. Hata hivyo kila nchi imetunga kanuni zake: Tanzania 2022, na ina kituo chake cha kufuatilia kaboni Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, sisi 2024. Ningependa waanze na mambo mawili. Moja ni hesabu moja ya umeme unaovuka mpaka. Tunapokea umeme wa Ethiopia kupitia njia ya kilomita 1,045 hadi Suswa tangu Novemba 2022, na tumeunganishwa na Tanzania kutoka Isinya hadi Singida tangu Desemba 2024. Mwenye kiwanda cha saruji anapoulizwa umeme wake una kaboni kiasi gani, apewe jibu linalokubalika Nairobi, Arusha na Ulaya.

La pili ni wakaguzi. Namba zako za kweli hazitakubaliwa hadi zithibitishwe na mkaguzi mwenye ithibati inayotambuliwa Ulaya. Kwa kiwanda cha ukubwa wenu, nauli, hoteli na malipo ya mtu huyo vinaweza kuzidi ada yenyewe, na kiwanda kidogo kitaamua bora kutumia vile viwango vilivyowekwa na Ulaya. Tukiwa na wakaguzi wetu wachache, wanaohudumia Athi River leo na Tororo wiki ijayo, gharama hiyo itagawanyika. Vijana wa kazi hiyo tunao. Wanakagua nishati viwandani tangu kanuni za 2012 zilipodai ukaguzi kila miaka mitatu kwa wanaotumia zaidi ya yuniti 180,000 kwa mwaka.

Ripoti ya ukaguzi wa aina hiyo bila shaka iko kwenye kabati la kiwanda chenu. Itafute, uanze nayo. Barua ya muuzaji wa koili ikijibiwa, niandikie pamoja na vipimo vya tangi vya miezi mitatu, ukiacha majina ya kampuni, tuijaze fomu hiyo mstari kwa mstari.