Maswali na Majibu: Majirani Walioapa Pamoja

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi ngapi sasa? (Msomaji, Mkunazini)

Nane. Somalia iliingia 2024. Swali hili nimeshalijibu mara nyingi. Naomba sasa tuulizane hizo nane zinafanya nini.

Umoja wa Ulaya ulianza kwa biashara. Amani imetoka wapi? (Msomaji, Chake Chake)

Tazama ilikuwa biashara ya nini. Mwaka 1951 Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Italia, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg zilikubaliana kuweka makaa ya mawe na chuma chini ya mamlaka moja. Mizinga hutengenezwa kwa vitu hivyo. Ufaransa na Ujerumani zilikuwa zimeshapigana mara tatu tangu 1870, hazijapigana tena. Na kubwa zaidi, waliunda mahakama ambayo serikali yenyewe hushitakiwa, ikashindwa, ikatii. Hilo ndilo tunalolikwepa huku kwetu.

Mbona Kongo na Rwanda zimo jumuiya moja na hazipatani? (Msomaji, Wete)

Kwa sababu ya huko kukwepa. Ibara ya 6 ya Mkataba wa Jumuiya inataja ujirani mwema na kumaliza migogoro kwa amani. Kongo ilijiunga 2022. Januari 2025 waasi wa M23 wakaiteka Goma, mji wa mashariki ya Kongo. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema Rwanda inawasaidia, Rwanda inakana. Arusha mahakama ya Jumuiya ipo, lakini wakuu wa nchi huamua kwa kauli moja, na zito halipiti. Wanaotaka jumuiya ivunjwe nao wakumbuke: ya kwanza ilivunjika 1977, na 1978 Amin akaivamia Kagera.

Sisi Wazanzibari yanatuhusu nini? (Msomaji, Micheweni)

Unauliza hivyo nawe uko Micheweni? Januari 2001 damu ilimwagika Pemba kwa mzozo wa uchaguzi. Miafaka ya 1999 na 2001 ilitiwa saini na vyama vya CCM na CUF, ikabaki makaratasini. Maridhiano ya 2009 yalipata nguvu yalipopelekwa kwa wananchi: kura ya maoni ya Julai 2010, asilimia 66.4 wakasema ndiyo, na cheo cha Makamu wa Kwanza wa Rais, cha chama cha pili serikalini, kikaingizwa ndani ya Katiba. Uchaguzi wa mwaka ule ukapita salama. Anayekwambia amani yetu inatokana na upole wetu, usimkubalie. Mwaka 2001 tulikuwa wapole vile vile.

Kiswahili hakitoshi kutuunganisha? (Msomaji, Mkoani)

Hakitoshi. Kamisheni ya Kiswahili ya Jumuiya iko hapa Zanzibar na naifurahia. Lakini Goma nako wanazungumza Kiswahili, na wanaowapiga risasi pia.