Kuishi na IBS na Choo Kigumu: Tengeneza Asubuhi Yako Kabla ya Kutafuta Dawa

Wenye choo kigumu cha muda mrefu pamoja na tumbo linalosokota na kujaa gesi wamezoea kuulizana dawa, na ni mara chache huulizana wanaamka saa ngapi, wanakula nini kabla ya kutoka nyumbani, au kama wanapata nafasi ya kwenda chooni bila kukimbizwa. Nimeishi na hali hii kwa miaka mingi jijini Dar es Salaam, na msimamo wangu ni kwamba maswali hayo ya pili ndiyo yanayoleta nafuu kubwa zaidi. Dawa ina nafasi yake, lakini humsaidia zaidi yule ambaye tayari ameupa utumbo wake ratiba.

Ugonjwa wenyewe, ambao madaktari huuita kwa kifupi IBS (kwa Kiingereza irritable bowel syndrome, yaani utumbo unaochokozeka upesi), ni hitilafu katika namna utumbo unavyofanya kazi na unavyowasiliana na ubongo. Ukitazamwa kwa kamera, utumbo huonekana mzima, hauna kidonda wala uvimbe, na ndiyo maana wagonjwa wengi huambiwa hawana kitu ilhali maumivu wanayo. Vigezo vya kitabibu vinavyoitwa vya Roma, katika toleo la mwaka 2016, vinataka mgonjwa awe na maumivu ya tumbo yanayojirudia walau siku moja kwa wiki katika miezi 3 iliyopita, dalili ziwe zimeanza si chini ya miezi 6 nyuma, na maumivu yahusiane na mambo mawili au zaidi kati ya haya: tendo la kwenda haja kubwa, mabadiliko ya idadi ya kwenda, na mabadiliko ya umbile la choo. Kwa hiyo mtu anayepata choo kigumu bila maumivu yoyote huenda ana tatizo lingine, na ni vema alijue. Kuhusu umbile, madaktari hutumia chati ya Bristol yenye aina 7, ambapo aina ya 1 ni vipande vidogo vigumu kama vya mbuzi na aina ya 2 ni choo kirefu chenye mabonge. Hizo mbili ndizo dalili ya kufunga choo. Mgonjwa anayeweza kumwambia daktari namba badala ya kusema tu "tumbo linanisumbua" hurahisisha mazungumzo mno.

Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu hapa kwetu mwenye tumbo sugu huzungushwa katika majina matatu: amiba, taifodi na vidonda vya tumbo. Katika zahanati zaidi ya moja nilipewa dawa za amiba bila choo changu kutazamwa kwenye darubini, na nikaambiwa nina taifodi kwa kipimo cha damu kiitwacho Widali, ambacho kinaweza kuonyesha chanya hata kwa mtu asiyeugua taifodi wakati huo. Magonjwa hayo yapo kweli, na maambukizi ya tumbo yanaweza hata kuwa chanzo cha IBS kwa baadhi ya watu, lakini dozi za antibaiotiki zinazorudiwa bila ushahidi huvuruga bakteria wa utumboni wanaotusaidia. Mgonjwa ana haki ya kuuliza kwa adabu kipimo kimeonyesha nini kabla ya kupokea dawa.

Zipo dalili ambazo hazipaswi kusubiri ushauri wa makala yoyote: damu kwenye choo, choo cheusi kama lami, kupungua uzito bila sababu, upungufu wa damu, homa, maumivu yanayokuamsha usiku, mabadiliko ya choo yanayoanza ukubwani hasa baada ya miaka 50, au kuwa na ndugu wa karibu aliyewahi kupata saratani ya utumbo mpana. Na anayevimba tumbo, anayetapika, asiyetoa choo wala hewa, aende hospitali saa hiyohiyo, kwa kuwa utumbo unaweza kuwa umejisokota au umeziba.

Baada ya hapo turudi kwenye asubuhi. Chakula kinapoingia tumboni, utumbo mpana hupata ishara ya kusukuma ulichonacho, na ishara hiyo huwa na nguvu zaidi baada ya kuamka na kupata mlo wa kwanza. Sasa fikiria maisha ya mfanyakazi wa mjini anayetoka alfajiri akiwa hajatia kitu kinywani ili awahi daladala, akanywa chai na chapati kazini saa nne, au akabanwa na haja akiwa amesimama kwenye foleni ya Barabara ya Mandela ambako hawezi kufanya lolote. Haja ikizuiwa hupoa, utumbo huendelea kufyonza maji kutoka kwenye kinyesi, na kesho yake kinakuwa kigumu zaidi. Anayezuia kila siku huishia kutosikia tena hamu ya kwenda.

Mimi huamka mapema kuliko watu wengine wa nyumbani, nikanywa uji wa moto au maji ya uvuguvugu na papai, kisha nikaenda chooni baada ya muda mfupi, hamu iwepo au isiwepo, kwa saa ileile kila siku. Katika nyumba ya kupanga yenye choo kimoja cha uani, ambako kuna ndoo zinazosubiri mlangoni na mtu anayekohoa kukuharakisha, kuwahi ni jambo la lazima, kwani misuli ya njia ya haja hailegei kwa mtu anayehofia kugongewa mlango. Asiyeweza kuwahi ahamishie ratiba yake kazini, baada ya chai ya saa nne. La msingi ni saa isibadilikebadilike.

Mkao nao una uzito. Choo cha kuchuchumaa ambacho wengi wetu tumekulia nacho kinaufaa mwili, kwa sababu msuli unaolizunguka puru hulegea na njia hunyooka. Anayetumia choo cha kukaa aweke miguu juu ya kigoda au ndoo ndogo iliyofudikizwa, magoti yapande juu ya usawa wa nyonga, ainame mbele na kuegemeza viwiko mapajani. Asibane pumzi na kukakamaa. Avute pumzi kwa tumbo, aiachie taratibu, na kama dakika kumi zimepita bila kitu ainuke akaendelee na shughuli zake. Simu ibaki chumbani.

Kuhusu chakula, ushauri wa "kula nyuzinyuzi kwa wingi" haujakamilika. Pumba za ngano zinaweza kuongeza gesi na maumivu kwa mwenye IBS, ilhali nyuzinyuzi zinazoyeyuka na kufanya ute laini huvumilika zaidi. Maganda ya isabgoli, yanayouzwa katika maduka mengi ya Wahindi na baadhi ya famasi, ni ya aina hiyo. Ukianza, anza na kijiko kimoja cha chai katika glasi kubwa ya maji, koroga, unywe papo hapo kabla hayajaganda, na uongeze kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Ukiyanywa kwa maji machache yanaweza kuziba badala ya kusaidia.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, ndio walioeneza mlo wa kupunguza wanga mfupi, yaani sukari ndogondogo zinazochachuka utumboni, na kwetu habari njema ni kwamba ugali wa mahindi na wali haviko upande wa lawama. Lawama huangukia zaidi kitunguu maji, kitunguu saumu, maharage, ngano, maziwa, na matunda kama embe na tikitimaji. Mlo huo si wa maisha. Vyakula hivyo hupunguzwa kwa wiki 2 hadi 6, kisha hurudishwa kimoja kimoja ili ujue kipi hasa kinakuumiza, ikiwezekana chini ya uangalizi wa mtaalamu wa lishe. Mtu akiviacha vyote moja kwa moja atakosa lishe bure.

Jikoni kwangu maharage hulowekwa usiku kucha, maji yale humwagwa, yakachemshwa kwa maji mapya, kwa kuwa sehemu ya sukari zinazoleta gesi hutoka na maji. Kitunguu nakikata vipande vikubwa, nakikaanga kwenye mafuta mpaka yanukie, kisha nakitoa chote kwa kijiko kabla ya kutia nyanya, maana sukari yake inayosumbua haiyeyuki katika mafuta lakini huyeyuka katika mchuzi. Ladha hubaki na familia nzima inakula chungu kimoja. Mchicha na sukuma wiki naviona salama kwangu. Viazi vitamu nakula kwa kiasi.

Dawa za kulainisha choo hazifanani. Makrogoli huhifadhi maji ndani ya kinyesi na hufaa kwa muda mrefu kwa maelekezo ya daktari, ila haiondoi maumivu yenyewe. Laktulosi huchachuka na inaweza kuzidisha gesi. Bisakodili na sanamaki huusukuma msuli wa utumbo na huweza kuleta msokoto, kwa hiyo nazichukulia kama msaada wa siku ngumu, wala si chai ya kila jioni kama wauzaji wanavyozinadi. Mafuta ya nyonyo hayamfai mjamzito, na kupiga bomba la maji ya sabuni kunaweza kuunguza utando wa utumbo. Kagua pia dawa unazotumia kwa maradhi mengine: vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma, dawa za maumivu zenye kodeini, na hata baadhi ya dawa za kutuliza msokoto wa tumbo zinaweza kufunga choo. Usiziache mwenyewe, mwambie aliyekuandikia.

Hofu na usingizi mbovu huuchokoza utumbo huu kwa kiwango ambacho asiyeugua hawezi kuamini, na wanawake wengi huona dalili zikizidi karibu na hedhi. Hili halimaanishi kwamba ugonjwa ni wa kujidhania. Tiba za mazungumzo zimethibitika kuwasaidia wagonjwa wengi, na mazoezi ya pumzi nayo yanaweza kusaidia. Kutembea kwa miguu kila siku nako kunasaidia, hata kwa kushuka kituo kimoja kabla ya nyumbani.

Katika mwezi wa Ramadhani, mwenye tatizo hili asiruke daku, kwani ndilo linalochukua nafasi ya mlo wa asubuhi na kuamsha utumbo. Maji yagawanywe kuanzia futari hadi daku badala ya kuyanywa yote kwa mkupuo, na futari isijae kaimati na vitu vya kukaanga peke yake.

Safari za basi ndizo zinazovuruga wengi. Anayekwenda Mwanza au Bukoba huacha kunywa maji tangu jana yake ili asisumbuke kabla gari halijasimama watu kuchimba dawa, akafika amekauka, akakaa ugenini kwa siku nzima au zaidi bila choo kwa kuona haya. Kunywa maji kwa vipimo vidogo njiani, ushuke kila gari linaposimama hata kama hujabanwa, na ubebe chakula ambacho tumbo lako linakijua. Ukifika, mwambie mwenyeji wako mapema, kwa faragha, kwamba una tatizo la tumbo, utahitaji choo kila asubuhi baada ya chai, na usipomaliza pilau yenye vitunguu si kwamba umeidharau. Shangazi na mama wakwe wengi, wakielezwa kwa heshima, huwa wa kwanza kukuwekea papai mezani.