Maswali ya kiamboni: kaskazi imekaza, visima vimeshuka

Asalaam aleikum wasomaji. Maswali yamenijia mengi mno na karibu yote ni ya maji, hata yale ambayo aliyeuliza mwenyewe hajui kama anauliza maji. Mie huku Pemba kamba ya kisima changu nimeifunga mafundo, kila pima fundo moja, masika nafika fundo la pili tu, juzi alfajiri nimefika la tano na ndoo imekuja nusu, chini ina mchanga. Kwa hiyo nikijibu kwa ukali mtu asinune, tuko wote kwenye jua hili la kaskazi, msimu wa joto kabla ya masika.

Kuku wangu wanazubaa, wanapinda shingo, wanaharisha kijani, wameshakufa sita. Niwape panadol au maji ya pilipili? (Msomaji, Mfenesini)

Swali hili nimelijibu mwaka jana, nimelijibu mwaka juzi, na kila mara mtu anauliza kuku wakishakufa. Huo kwa dalili zako ni mdondo, wengine mnauita kideri, na hauna dawa, si panadol, si pilipili, si mwarobaini. Una chanjo tu. Tone moja kwenye jicho moja, kila miezi mitatu, kuku wote wakubwa na vifaranga, wakiwa wazima, maana ukimchanja aliyekwisha kuugua umepoteza tone. Nenda kwa watu wa mifugo wilayani kwenu, jipangeni majirani kumi mchangie kichupa kimoja kwa sababu kichupa kimoja kinachanja kuku wengi kuliko ulionao, na usikibebe mfukoni juani, kifunge kwenye kitambaa kibichi ukiweke kivulini.

Waliokufa wafukie chini sana au wachome. Na nakuomba kwa Mungu, hao wanaozubaa usiwapeleke sokoni kuwauza upesi upesi, najua inauma lakini ndivyo mdondo unavyotoka kijiji kimoja kwenda chengine.

Nipande migomba sasa hivi? (Msomaji, Chake Chake)

Hapana. Chimba shimo, tia samadi, subiri masika.

Kisima chetu kimeanza kuwa na ladha ya chumvi. Fundi anasema tukichimbe kwenda chini zaidi tupate maji mazuri. Ni kweli? (Msomaji, Jambiani)

Usikubali! Huyo fundi anataka kazi. Huko kwenu ardhi yenu ni mawe ya matumbawe, yamejaa matundu kama sponji, maji ya bahari yanaingia chini mpaka ndani ya kijiji. Maji baridi yenu ni mvua iliyozama ikaja kukaa juu ya maji chumvi, kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi, kwa sababu maji baridi ni mepesi. Wajuzi wa maji wana hesabu yao, kwamba kwa kila futi moja ya maji baridi iliyoinuka juu ya usawa wa bahari, chini yake kuna kama futi 40 za maji baridi kabla hujaikuta chumvi. Sasa igeuze hesabu hiyo uone hatari yake, ukiyashusha yale maji ya juu kidogo tu kwa kuyavuta sana, chumvi inapanda kwa mkupuo. Ukichimba kwenda chini ndo unaifuata chumvi ilipo.

La kufanya ni kuchota kidogo kidogo. Choteni alfajiri kisima kikiwa kimelala usiku kucha, halafu kiacheni kipumue mpaka jioni, na kama mna pampu msiiwashe saa tatu mfululizo kwa sababu tu umeme upo. Maji yenye chumvi kidogo mnazi unayastahamili, maharage hayawezi hata kidogo kwa hiyo usiyamwagie utayaua. Ya kunywa tafuteni ya mfereji au ya mvua.

Na hapa niseme ambalo hukuuliza. Kisima cha ndoo na kamba hakiwezi kuleta chumvi kijiji kizima peke yake. Pwani ile ya mashariki siku hizi ina pampu kubwa zinazojaza mabwawa ya kuogelea na kunyeshea majani ya kukanyaga tu, na maji ni yale yale mamoja chini ya mawe, hayajui ukuta wa nani. Nendeni kwa sheha wenu, kiongozi wa serikali wa mtaa wenu, kwa wingi, si mtu mmoja mmoja, muulize nani anavuta kiasi gani. Ni haki yenu kujua. Na wakati mnauliza hilo angalieni na vyoo vyenu, shimo la choo likae mbali na kisima si chini ya mita 30, kwenye mawe yale yenye matundu hata zaidi, maana njia inayopitisha chumvi inapitisha na uchafu. Kipindupindu cha mwaka 2015 na 2016 hakijasahaulika. Chemsheni maji jamani.

Ng'ombe wangu wa maziwa alikuwa anatoa lita nane, sasa tatu. Majani anapata. Nimpe dawa gani? (Msomaji, Wete)

Maji. Ndo dawa. Umeniandikia majani, hukuniandikia anakunywa ndoo ngapi, na mie nimeshajua jawabu. Maziwa katika kila lita 100, lita 87 ni maji, sasa atayatoa wapi? Ng'ombe wa maziwa, hasa hawa mchanganyiko wa kizungu, kwenye joto hili anataka madumu matatu ya lita 20 kwa siku na pengine zaidi, na wengi wetu tunampa ndoo moja asubuhi na moja jioni tunasema kashakunywa. Mbuzi anaridhika na lita tano sita, ng'ombe hapana.

Pili umemfunga wapi? Nikipita njiani saa saba mchana naona ng'ombe wa watu kafungwa kamba kwenye kigingi katikati ya uwanja, hata kivuli cha mpapai hana, ulimi nje, anahema kama mtu aliyepanda mlima. Ile ni dhulma, na mnyama ataisema siku ya hesabu. Mhamishe chini ya mwembe au mfenesi kuanzia saa nne, mrudishe malishoni jioni, na usiku umpe majani bandani kwa sababu usiku ndo anakula vizuri. Mgomba uliokwishakatwa mkungu mkatie shina lake vipande vipande, lina maji mengi, lakini usimpe hilo tu kwa sababu halina nguvu, changanya na majani mengine. Maganda ya mafenesi vile vile anayapenda.

Na kama kweli huna madumu matatu ya kumpa kila siku ya kaskazi, basi kama unao zaidi ya mmoja, uza mmoja ubaki na mwengine. Watu tunanunua ng'ombe masika kuna maji kila pahala, tunahesabu bei ya ng'ombe, hatuhesabu madumu.

Mbu wamezidi na mvua haipo. Wanatoka wapi? (Msomaji, Konde)

Kwenye pipa lako la maji. Lifunike kwa kitambaa, kila wiki limwage ulisugue pembeni, mayai yanaganda ukutani.

Muhogo wangu umekaa ardhini muda mrefu nasubiri bei ya Ramadhani. Tumeuchimba mmoja, mchungu, na mbuzi mmoja aliyekula maganda kafa. Je tuutupe? (Msomaji, Makunduchi)

Pole kwa mbuzi wako. Ramadhani siku hizi inatukuta ndani ya kaskazi, na kila mtu anataka muhogo wa futari, kwa hiyo nakuelewa kuusubirisha, lakini jua muhogo una sumu yake ya asili, na ukikaa kwenye ukame sumu ile huzidi, hata mbegu ambazo kawaida ni tamu zinaanza uchungu. Uchungu ule ndo onyo lenyewe, sikilizeni ulimi.

Usiutupe wote. Umenye ganda lote mpaka ile ngozi nyeupe nene ya ndani, kwa sababu sumu nyingi iko hapo, ukate vipande, uuroweke kwenye maji siku tatu, umwage yale maji, uanike ukauke kabisa ufanye makopa ya unga. Usiuchemshe tu ukautia nazi ukala, ule mchungu, na usimuuzie mtu mwengine kwa futari yake huku unajua. Kisamvu kitwange sana mpaka kiwe laini kisha kichemke sufuria wazi, mvuke utoke. Maganda ya mbuzi yaanike juani siku kadhaa kwanza, usiwatupie mabichi. Na watoto wanaokwenda konde wakang'oa muhogo wakautafuna mbichi kwa njaa, waambieni. Huu si wakati wake.

Mume wangu anasema kuchota maji ni kazi ya wanawake. Kisima cha karibu kimekauka, sasa natembea saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, mara mbili kwa siku. Nikichelewa anagomba. Nifanye nini? (Msomaji, Micheweni)

Ndugu yangu, barua yako nimeisoma mara tatu. Masaa manne kwa siku kichwani mwako kuna dumu, na ukirudi unagombwa!

Mwambie hivi, na ukitaka msomee hapa hapa. Bibi Aisha aliulizwa Mtume (SAW) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, akasema alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake, na ikifika sala anatoka kwenda kusali. Sasa nani kati yetu ni mkubwa kuliko yeye? Pili, dumu la lita 20 ni kilo 20, baskeli inabeba mawili ubavuni na moja nyuma, gari ya ng'ombe inabeba pipa zima mara moja, na vyote hivyo katika viambo vyetu anavishika mwanamume. Kwa hiyo mwenye chombo ndo aende, si mwenye kichwa. Wanaume mnaosoma, wiki hii mfuateni mkeo kisimani mara moja tu, mbebe dumu hilo kutoka kisimani mpaka jikoni, halafu mniandikie kazi ya nani.

Na mtoto wa kike asitolewe skuli kwa ajili ya maji. Sikuulizwa hilo lakini naliona kila kaskazi.

Nichome konde lini kabla ya masika? (Msomaji, Kusini Unguja)

Usichome. Najua wazee wamechoma, baba yangu kachoma, lakini wao waliliacha konde likapumzika miaka mingi mpaka msitu ukarudi, sisi tunachoma leo na mwakani tena, na udongo wa maweni wenyewe ni ule mdogo uliojificha kwenye matundu ya mawe, ukiuunguza huna tena kitu. Fyeka, majani yaache yalale pale pale yafunike ardhi.

Kaskazi ya mwaka juzi jirani wa konde letu alitia moto saa saba mchana akaenda zake kula. Upepo ukaubeba. Nilikuwa na miche 14 ya mikarafuu, miaka miwili nainyeshea kwa kata, kila mmoja nimeujengea kibanda chake cha makuti, na makuti yale yale ndo yaliyoushika moto. Nilipofika asubuhi yake makumbi yalikuwa bado yanafuka, majani ya miche yamegeuka kahawia, nikalivunja moja mkononi, likanukia karafuu. Sikupata hata mmoja uliochipua. Kwa hiyo usiniulize tarehe ya kuchoma.

Miche ya mikarafuu niinyeshee mara ngapi? (Msomaji, Mkoani)

Mara mbili kwa wiki, lakini maji ya kutosha, ndoo nusu kwa kila mche, polepole yazame, wakati wa magharibi. Kumwagia kikombe kila siku kunailetea mizizi juu juu na jua linaikausha. Fukia makumbi ya nazi kuzunguka mche, mbali kidogo na shina, yanashika maji kama sponji, juu yake tandaza majani makavu, na kivuli cha makuti kikae upande wa magharibi ambako jua la alasiri linapiga. Huna maji, tumia ya kuoshea vyombo, migomba ndo kabisa ipe ya kuogea.

Nyumba yangu ni ya bati, futi 20 kwa 26 hivi. Watu wananiambia niweke gata na tangi, lakini ni gharama, je yanapatikana maji ya maana? (Msomaji, Wete)

Ahsante sana, swali hili nilikuwa nalingoja. Mvua ya milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Bati lako ni kama mita za mraba 48. Ikinyesha milimita 20, na masika mvua moja ya kishindo inazifika, hizo ni lita 960, yaani madumu 48. Toa yanayoruka na kuvuja, utabaki na madumu 40 kwa mvua moja! Vuli iliyopita umeyaangalia yote yanachimba vijishimo chini ya upenu.

Kama tangi kubwa huliwezi anza na upande mmoja wa paa, gata moja, na pipa moja au mawili yaliyounganishwa. Lisugue tangi sasa hivi likiwa kavu, weka mfuniko na wavu mdomoni kwa ajili ya mbu na mijusi. Na mvua ya kwanza usiikinge, bati limekaa kaskazi nzima na vumbi na mavi ya ndege, iache ioshe kama dakika kumi, ukiona maji yanatoka meupe ndo urudishe bomba tangini.